Kidole Changu na Macho ya Mama

Kila ninaporudi kwetu, mtaa wa Annexe, kutoka kwenye safari zangu, humsindikiza mama kwenda misa kwa miguu. Siwezi kutembea kimya. Jumapili moja niliona baiskeli imepakia magunia ya makaa kumzidi mwenyewe kimo, nikanyoosha kidole.

"Mama, ona ile!"

Macho yake yakaenda huko, yakaganda. Zamani angeitazama na kurudi njiani papo hapo, huku ananikemea. Siku hizi macho yanachelewa kurudi, na miguu haiyangoji. Akatumbukia kwenye mtaro wa maji ya mvua, goti likachubuka.

"Makosa haiko ya macho, mutoto wangu," alisema nilipokuwa nampangusa matope. "Iko ya weye. Mudomo yako haina freni ya kuisimamisha!"

Alicheka. Mimi sikuweza, maana ni kidole changu kilichoyavuta macho yake.

Jumapili iliyofuata nilimshika mkono, nikafunga mdomo.

"Leo hauna kitu ya kunionyesha?" akauliza.

Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anauza uyoga, mmoja mpana kama mwavuli.

"Hakuna, mama."

Akainamisha macho, tukaupita. Nilijiona mkosaji kuliko siku ile alipoanguka.