Majani Yako Kwetu, Mikono Iko Doha

Kila Jumamosi asubuhi sanduku la majani lilifika kutoka uwanja wa ndege, limefunikwa gunia lililoloa, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyachambua. Mbono, mlonge, mkwaju. Yalisafirishwa kwa ndege kutoka Kerala, kusini mwa India, na madam wetu aliyapokea kama anayepokea mtoto mchanga. Mara ya kwanza nilicheka. Kwetu Kilifi mbono hujiotea wenyewe nyuma ya choo, mlonge tumeupanda ukawa uzio, na majani ya mkwaju hayana mwenyewe, ni chakula cha mbuzi.

Niliajiriwa kufanya usafi katika kituo kile cha tiba ya Kihindi, villa moja ya Abu Hamour, miaka ile barabara za Doha zilipochimbwa kila kona kwa ajili ya treni. Sikukaa sana na fagio. Pale wanawake hukandwa na wanawake, wawili kwa pamoja, mmoja kila upande wa meza, na mkandaji mmoja alikuwa amerudi kwao kuolewa. Aliyebaki nilimwita Chechi, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa kwa lugha yake. Alinishika mikono, akaigeuzageuza, akamwambia madam kuwa itafaa.

Chechi alinifundisha bila maneno mengi, maana lugha yetu ya pamoja ilikuwa Kiarabu cha kazini. Majani unayakata membamba, unayakaanga kwa mafuta na nazi iliyokunwa, ndimu, manjano na chumvi ya mawe, kisha unayafunga kwenye kitambaa yawe kifurushi cha kujaa kiganjani. Kifurushi hupashwa moto, unakijaribu kwanza nyuma ya mkono wako, ndipo unamgongagonga nacho mgonjwa kwenye viungo. Mafuta yenyewe ni ya ufuta, yamechemshwa na mizizi ya mmea wa maua ya manjano ambao sisi tunaukata tufagilie uwanja. Hilo liliniudhi kidogo. Miaka yote ile nilikuwa nafagilia dawa.

Kutwa nilishika watu. Migongo, nyayo, vifundo, vichwa vya wanawake ambao sikuwahi kujua majina yao. Mimi mwenyewe hakuna aliyenishika. Ijumaa, siku ya mapumziko kule, nilikwenda kanisani Mesaimeer, na pale tulipopeana mkono wa amani ndipo pekee nilipoguswa kwa wiki nzima. Hata hapo wenzangu Wakenya walinivuta kiganja wakakinusa. "Mganga wa Abu Hamour huyo," walisema, "leo umemfukiza nani?" Nilicheka nao. Kisha kila mtu alipanda basi la kampuni yake, na mimi nikarudi kwenye chumba cha vitanda sita ambako kila aliyelala alikuwa amekipa kisogo chumba.

Mama alipopata kiharusi, mwaka wangu wa kwanza ulikuwa umeisha. Upande wa kulia ulilala wote. Hospitali ilimpa vidonge na kusema viungo vinyooshwe kila siku, asiachwe tu kitandani. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa naye, na watoto wake watatu, na biashara ya mahamri. Nilimpigia simu ya video nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikamwelekeza achume mbono pale nyuma ya choo, achume na mlonge, akaange hivi, afunge hivi.

"Sasa mkande kuanzia begani ushuke. Usimpapase, mkande."

"Dadangu, nauogopa huu mkono," alisema. "Ni mzito. Naona kama si wake."

Nilimfokea. Akafanya siku mbili tatu, kisha nikipiga akawa ananionyesha mama amelala. Nilimchukia, nasema kweli, ingawa nilijua anaamka alfajiri kukanda unga na mikono imemchoka. Majani yote yalikuwa uani kwetu, bure, na mikono iliyojua kuyatumia ilikuwa Doha. Sidai yangemwinua mama. Nilitaka tu niwe mimi ninayejaribu.

Niliomba ruhusa. Madam hakuwa mbaya, alinisikiliza hadi mwisho. "Baridi ikiisha," alisema. "Sasa hivi magoti ya Doha nzima yako hapa kwetu."

Baridi hiyo hiyo mabinti wawili walimleta mama yao kwenye kiti cha magurudumu. Mama Kabira, yaani mama mkubwa, ndivyo tulivyomwita, bibi wa Kikatari mwenye hina vidoleni. Kiharusi, upande wa kulia. Asubuhi alifanyishwa mazoezi hospitalini, alasiri aliletwa kwetu. Chechi alichukua upande mzima, akaniachia mimi ule uliolala. Sijui kama alifanya makusudi. Niliushika mkono ule nikaukanda kuanzia begani nikishuka, nikautia kila nilichokuwa nimemnyima mama yangu, na mara nyingine nilikasirika katikati ya kazi, kwamba mkono si wenyewe.

Bibi alikuwa mdadisi. Alitaka kujua nina mama. Nilimwambia ninaye, naye ni mgonjwa kama wewe, mkono huu huu. Tangu hapo hakulala mezani kabla hajauliza hali yake.

Siku moja vidole vyake vilifumba juu ya vyangu. Kidogo tu, lakini vilifumba. Mabinti walipiga vigelegele, wakambusu mama yao, wakanishindilia tende mikononi. Niliwashukuru, nikaenda stoo, nikakaa juu ya gunia la unga wa pojo tunaotumia kufutia mafuta, nikalia kwa hasira.

Mama alifariki baridi ikiwa haijaisha. Wakamzika siku ya pili yake. Mdogo wangu alinishikia simu nione, nikaona migongo ya watu na udongo mwekundu, kisha mtandao ukakata. Madam alinipa siku ya kupumzika. Niliimaliza kitandani nikisikiliza wenzangu wakitoka na kuingia kazini, kisha nikarudi, maana ningekaa na nani kule chumbani.

Alasiri Mama Kabira aliletwa. Alikuwa sasa anatembea hatua chache akishikiliwa. Tukamlaza, nikampaka mafuta begani. Akanyoosha mkono ule wa kulia, akanishika kiganja, akakibana sawasawa.

"Mama shlonha?" Hali yake vipi.

Ng'ambo ya meza mikono ya Chechi ilisimama. Bibi alikuwa ananitazama kwa furaha, anangoja.

"Zeina," nikasema. "Mzima, alhamdulillah."

"Mwambie asikate tamaa," alisema kwa Kiarabu, taratibu ili nielewe. "Mwambie na wake utafunguka. Muonyeshe huu wangu."

Nikasema nitamwambia, nikashuka kwenye kiwiko.