Gari Lililougua Siku za Harusi Tu

Gari letu lilikuwa zima siku zote isipokuwa siku za harusi. Hilo ndilo nililolijua, na kwa muda mrefu halikutusaidia lolote.

Nikifumba macho naliona bado, jeupe, likishuka taratibu kutoka Mtongwe kuelekea feri, vivuli vya minazi vikipita juu ya boneti. Halikuwa na klachi. Mume wangu alikaa ndani yake mfano wa mtu aliyekalia kiti cha barazani, mguu mmoja ukifanya kazi na wa pili umepumzika, na gari likajibadilishia gia lenyewe kwa upole hata usijue limebadilisha saa ngapi. Nilipopanda mara ya kwanza nilihisi tumefunguliwa kamba, tunaelea. Nikamwambia, "Nenda polepole, usitufikishe." Akacheka, maana hatukuwa na tunakokwenda.

Ilikuwa ile miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Wazungu wa bandarini walikuwa wakifungasha, na mmoja wao akatuuzia gari lake likiwa karibu jipya. Lilikuwa na dhamana ya kiwanda, na karakana moja ya mjini, ng'ambo ya feri, ilikubali kuiheshimu hadi siku yake ya mwisho. Mume wangu wakati huo aliendesha lori la safari za bara. Alikuja, akalala, akaondoka. Binti yetu, aliyekuwa ndiyo kwanza ulimi umemfunguka, akimwona baba yake anaingia alijificha nyuma ya leso yangu. Nikimsukuma alitoka, akampa mkono kwa adabu, akasema shikamoo, kisha akarudi kujificha. Mume wangu aliitikia marahaba, akaenda kuoga, na huko bafuni alikaa sana. Siku moja alitoka na taulo begani akasema, "Lori basi. Silitaki tena."

Gari lilinunuliwa ili alale nyumbani. Hakuna sababu nyingine. Harusi zilikuwa hazishi Likoni na Mtongwe, na kila mama alitaka bintiye aondoke ndani ya kitu cheupe.

Asiyejua harusi zetu huenda akadhani kumpeleka bibi harusi ni kazi ya dakika chache. Sivyo. Wanawake hutangulia kwa miguu, mikononi wana pembe za ng'ombe wanazipiga kwa vijiti, ndilo vugo lenyewe, na gari hufuata nyuma ya visigino vyao. Wakisimama kucheza, gari husimama. Wakipiga hatua, gari hupiga hatua. Dereva anayepiga honi kuwaharakisha haitwi tena. Basi mume wangu alikuwa akitambaa nao jua kali, injini ikinguruma chini chini, harufu ya asumini na udi imejaa ndani. Huo mwendo niliupenda mno. Nilikuwa nikitembea kando ya dirisha lake, na barabara nzima ilionekana kupita mbele yetu bila sisi kusogea.

Kisha wakifika kwenye mlima unaopanda kutoka feri, injini inapiga kelele na gari haliendi. Kelele tupu, magurudumu yametulia. Harusi ya kwanza wanawake walilisukuma, na hariri zao na dhahabu zao, wanacheka. Harusi ya pili waliguna. Ya tatu, mama wa bibi harusi alimtazama mume wangu kwa jicho ambalo sitalisahau. Na kesho yake gari lilipanda mlima ule ule bila kinyongo.

Watu hawakosi la kusema. Huyu alisema ni kijicho, yule akasema mzungu aliondoka na roho ya gari lake. Jirani mmoja alituletea kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, tulinyunyizie. Nilimwambia anywe mwenyewe. Jini gani huyo asiyefanya kazi ila pana biriani?

Fundi mkuu wa karakana alikuwa Kalasinga mmoja mtaratibu, mwenye mikono misafi kuliko ya daktari. Kila alipopelekewa gari alilizungusha mjini, akarudi, akasema halina neno. "Siwezi kufungua giaboksi kwa habari," alimwambia mume wangu. "Nionyeshe ugonjwa, nitafungua siku hiyo hiyo." Dhamana ilikuwa ife mwisho wa mwezi. Ikifa, giaboksi ya aina ile hatukuwa na uwezo wa kuinunua hata tungeuza vitanda. Na mwenye lori alikwisha kutuma mtu kusema kiti bado ki wazi.

Nililigundua jambo lenyewe nikiwa mlangoni, natazama tu. Mume wangu alikuwa analiosha gari ili kesho alivuke nalo kwenda karakana. Alikuwa amelilaza kivulini tangu jana. Alitoa maua yaliyosinyaa, akakung'uta mazulia, akasugua hata ndani ya magurudumu, kwani kwake kupeleka gari chafu kwenye karakana ya watu ni kukosa adabu. Nikamtazama mkono wake ukizunguka na kitambara, ukizunguka, maji yakimeta, na karibu nisinzie pale niliposimama. Ghafla nikasikia sauti yangu.

"Wewe wamuogesha mgonjwa, wamlaza hadi homa imtoke, kisha ndipo wampeleka kwa daktari."

"Wataka niende na gari lina tope nitukanwe?"

"Nataka uende nalo lina homa."

Alikasirika. Alinitupia maneno mawili matatu, nami sikumbakishia. Halafu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na nikamwona anakumbuka safari moja baada ya nyingine. "Hata nikienda nalo moto," akasema baadaye kwa sauti ya chini, "foleni ya feri italipoza."

Basi ikawa daktari ndiye avuke. Kalasinga alikubali kuja Jumapili, siku yake ya kupumzika. Nadhani alitaka kuona mambo. Lakini Jumapili hiyo hapakuwa na harusi, na hata ingekuwapo, nani angempakia bintiye gari moja na fundi mwanamume asiyemjua? Nilikwenda kwa shangazi yangu, dada ya baba, aliyekuwa kiongozi wa vugo mtaani kwetu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimekwisha kusikia. Harusi si watu? Watu tupo. Ila mimi kiti kitupu sikiimbii, wallahi. Mtu akae mle ndani."

Mtu huyo nikawa mimi. Walinitia kiti cha nyuma nimevikwa leso mpya hadi kichwani, asumini shingoni, na binti yangu nimempakata, maana alikataa kubaki. Kelele walizopiga! "Bibi harusi gani huyu, amekuja na mwana kabisa!" Mume wangu masikio yalimwiva. Kalasinga alikaa mbele, ameweka kiganja juu ya dashibodi, hacheki wala hashangai.

Tukaanza kutambaa. Sijui niseme vipi ilivyokuwa. Pembe zililia mbele, migongo ya wanawake ikayumba, mawimbi ya joto yakapanda kutoka kwenye lami na kuwafanya waonekane hawagusi chini. Binti yangu alitazama shingo ya baba yake, karibu sana, kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa naomba. Namwomba Mungu gari liharibike. Sijapata kuomba dua ya namna hiyo tena, na niliiomba kwa moyo wangu wote.

Tulifika mlimani, likapanda. Likapanda vizuri, hata aibu halina. Nilitaka kulia. Kalasinga aligeuza kichwa kumtazama mume wangu, na mume wangu akatazama mbele. Lakini shangazi alikuwa amekwisha kugeuka. Alishuka na jeshi lake lote, jasho linawatiririka, akasema bibi harusi amesahau kiatu, na tukaanza upya kutoka chini, polepole zaidi, tukisimama kila baada ya hatua chache wapate kucheza.

Katikati ya mlima injini ikapiga kelele na gari halikwenda.

Pembe zilinyamaza. Kisha wanawake wale, badala ya kuguna, walipiga vigelegele ambavyo nadhani vilivuka maji. Kalasinga alimwambia mume wangu asizime. Akaruka nje, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi, akakinusa, akakipangusa, akakichovya tena. Alimwita mume wangu akamnusisha. Mafuta yameungua. Yakipata moto yanakuwa mepesi, akaeleza, na pampu ya ndani iliyolika haina nguvu ya kuyasukuma, hivyo gia haishiki. Likipoa, yanakuwa mazito na kila kitu kinasahaulika. Mjini hakuna mtu anayeliendesha gari saa nzima kwa mwendo wa miguu. "Kesho litavutwa," alisema. "Dhamana bado ipo. Giaboksi mpya itakuja kwa meli." Mume wangu alimshika mkono akasahau kuuachia.

Tulikaa bila gari wiki nyingi. Mwenye lori alituma tena mtu, safari moja tu, ya kujishikiza. Mume wangu alijibu hapana, na tukala muhogo.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni nakanda unga wa mahamri. Binti yangu akachukua kata, akamimina maji yote ndani ya sinia langu. Kabla sijafungua mdomo baba yake akamkemea kutoka mlangoni. Hakuwa amewahi kumkemea. Mtoto alishtuka, midomo ikatetemeka, kisha kilio kikatoka cha nguvu. Nikanyoosha mikono kumpokea. Alinipita. Alikwenda moja kwa moja kwa yule yule aliyemkemea, akamkumbatia mguu, akaanza kumshitakia yeye mwenyewe kwamba amemgombeza.

Mume wangu hakuthubutu kusogea. Mimi niliinama nikaendelea kukanda ule uji wangu, machozi yananidondoka humo humo, nikimwomba Mungu meli ichelewe kidogo.