Baba Alipoupenda Mji

Baba alikuja Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho. Alishuka na begi moja na kifuko cha ulezi kutoka shambani kwetu Robanda, kijiji kilicho kando ya hifadhi ya wanyama. Nilijua baada ya siku mbili ataanza kuomba kurudi. Mimi mwenyewe, miaka yote niliyofanya kazi bandarini, nilikuwa bado naisikia puani harufu ya moshi wa samadi zizini kwetu.

Asubuhi ya kwanza aliniuliza, "Watu wote hawa wanalima wapi?"

"Hawalimi, baba. Wengine tunapakua meli, wengine wako viwandani, wengine wana maduka. Huyu ananunua kwa yule."

"Na tembo hawaingii?"

"Hawaingii."

Akacheka sana. Msimu uliopita tembo walitoka hifadhini wakamaliza mahindi yake yote.

Upasuaji ulifanyika asubuhi, jioni tukawa nyumbani. Kesho yake, bandeji ilipotolewa, alisimama mlangoni akaanza kusoma vibao vya mtaani kwa sauti: "Saluni. Duka la dawa. Mashine ya kusaga." Nilikuwa nimesahau kwamba baba anajua kusoma.

Tangu hapo hakukaa ndani. Alizoeana na fundi viatu wa pale kona, akajua treni ya umeme inaondoka saa ngapi. Jioni nilimuuliza habari za nyumbani: ng'ombe bado wanapita njia ile ya mtoni? Ule mti wa mkuyu bado upo? Alinijibu kwa ufupi, kisha akarudi kwenye habari za mji.

"Hapa mtu anaugua asubuhi, mchana ametibiwa," alisema. "Ninyi mnaishi."

Siku ya mwisho nilimkuta jikoni amefungua bomba, maji yanamtiririka viganjani.

"Mama yako alibeba maji kichwani toka bwawani mpaka anakufa," alisema. "Hiki kitu hakukiona hata siku moja ndani ya nyumba yake."

Alinawa uso taratibu, akalifunga bomba vizuri, akajaribu tena kama limekaza.

Alfajiri nilimsindikiza stendi. Mvua zilikuwa zimeanza kwetu, na shamba lilimngoja. Alikaa dirishani, akaniangalia kwa lile jicho jipya. Basi lilipoondoka nilimwonea wivu, na nadhani naye alinionea mimi.