Siku Nilipozima Jiko la Mama Dora

Februari 1996 Mama Dora alifariki kwa malaria katika nyumba ya misheni pale Shanwe, Mpanda. Nilimpoteza bosi wangu na mtu aliyenifundisha kazi. Mumewe, mchungaji mzee wa Kizungu tuliyemwita Mzee Taratibu kwa jinsi alivyoendesha Landrova, alibaki peke yake. Hawakuwa na mtoto. Nyie vijana mnaojifunza upishi mnaniuliza kazi yetu ilikuwaje zamani, na mimi siwezi kuieleza kazi hiyo bila kuwaeleza hao wawili.

Nilianza kazi kwao Kibaoni, kule Mpimbwe, miaka ya tisini ikianza. Nilikuwa nimeishia darasa la saba na nilijua kupika ugali na kisamvu tu. Siku ya kwanza Mama Dora alinikuta nimesimama nje ya mlango wa jiko, nimevaa shati la kuazima.

"Unaogopa moto?" akaniuliza.

"Hapana, Mama."

"Basi una kasoro. Mpishi lazima auogope kidogo."

Akanipeleka uani kwenye tanuri. Lilikuwa pipa la mafuta lililolazwa na kukandikwa udongo, kuni zikiwaka chini yake. Kipimo cha joto hakikuwepo. Mama alisogeza kiganja kwenye mdomo wa pipa akaanza kusali Baba Yetu, macho wazi, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani. Ukiutoa mkono kabla ya kufika kwenye "utupe leo riziki yetu", moto ni mkali, mkate utaungua nje na kubaki mbichi ndani. Ukifika Amina bila kuumia, ongeza kuni. Mkate ukitoka, aliugeuza na kuugonga chini kwa kidole, sikio karibu. Ukilia kama debe tupu, umeiva. Usipolia, unarudi motoni.

Hamira ya dukani ilikuwa ya shida, kwa hiyo tulitunza chachu, yaani donge la unga uliochacha, ambalo unalilisha unga na maji kidogo kila siku lisife. Walipohamishiwa Mpanda mjini nilihama nao, na Mama aliipakata chachu ndani ya bakuli njia nzima.

Maisha yao pale Shanwe yalikuwa na mpango. Asubuhi Mzee aliwasha redio ya mawasiliano, akaongea na Msimamizi wa Misheni aliyekaa Tabora, mkubwa wao wa kazi. Mama alipiga magoti kuangalia friji la mafuta ya taa. Moto wake ukiwa wa njano, friji linatoa moshi badala ya baridi. Unapunguza utambi mpaka uwe wa buluu. Saa nne walikunywa kahawa barazani. Mchana waligombania chumvi.

"Chumvi kidogo tena," Mzee analalamika.

"Daktari amesema."

"Daktari hali hapa."

Kazi yao nyingine ilikuwa misiba. Mtu akifiwa, awe wa Shanwe au wa Kakese, awe mkulima mwenye asili ya Burundi au Msukuma mwenye ng'ombe zake, Mzee alichukua mkeka na kwenda kulala nje pamoja na wanaume wengine. Mama aliingia uani kwa wanawake akamenya ndizi. Hawakuhubiri sana. Walikaa tu mpaka matanga yaondolewe.

Sasa alipofariki Mama mwenyewe, Msimamizi alikuja kutoka Tabora. Watu walijaa makaburini hata wengine wakasimama barabarani. Baada ya mazishi Msimamizi akasimama, akasema kwa upole, "Wenzetu Wazungu wanaomboleza kwa kimya. Tumwache Mzee apumzike." Alikuwa mtu mwema, na wote tuliona ni heshima. Tukakunja mikeka, kila mtu akaenda kwake. Mimi nikarudi jikoni nikawasha moto kama kawaida.

Mpishi anamjua mtu kwa sahani yake inaporudi. Sahani za Mzee zilirudi kama zilivyokwenda. Nilimpelekea supu, ikarudi na utando juu. Nilioka mkate wa Mama, akaukata kipande, akakiacha. Alikunywa kahawa tu. Mkanda wake wa suruali aliutoboa tundu jipya kwa msumari. Msimamizi, aliyekuwa bado hajarudi Tabora, akaniambia, "Hali hii ikiendelea nitampandisha ndege, akauguzwe kwao." Nilijua maana yake. Mzee hakuwa na mtu huko, na mkewe alilala hapa. Akiondoka katika hali ile, angekufa. Nikaazimia kwamba atakula.

Siku moja nilipokwenda kutoa sahani, niliuliza bila kuzunguka.

"Mzee, chakula changu kina kosa gani?"

Akasema, "Mwanangu, mimi nimelala kwenye misiba ya watu wote hapa. Kwangu hakuna aliyelala. Niliwakosea nini?"

Niliiweka sahani chini. Kumbe kile tulichokiita heshima, yeye alikiona ni kutengwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Esperansi, kiongozi wa akina mama wa kanisa. Nilipomweleza, alishika kichwa.

"Baba Neema, sisi tuliambiwa anataka kimya!"

"Hataki. Anataka watu."

"Basi kazime jiko lako. Nyumba yenye msiba haipiki yenyewe. Tunakuja."

Mchana huohuo niliondoa kuni tanurini, nikamwagia maji makaa ya jiko la ndani. Niliacha chachu tu, nikailisha unga wake. Nisifiche, iliniuma. Sikuwa nimewahi kuliona jiko lile likiwa baridi. Lakini kupika kwangu kulikuwa kumeshindwa, na nilitaka ale.

Wanawake walikuja na mikeka na sufuria, wakapanga mafiga uani. Wanaume wakakaa nje. Msimamizi akatoka barazani.

"Nani ameruhusu haya?"

"Mimi, Mchungaji."

"Wewe ni mpishi."

"Ndiyo, Mchungaji. Na leo sipiki."

Nikamweleza alichosema Mzee. Akavua viatu, akakaa mkekani pamoja na wengine.

Mzee alisimama mlangoni, haelewi. Ndipo akaingia Masanja, mfugaji Msukuma, jirani yetu. Kwa desturi, mtani ana ruhusa ya kumtania mfiwa hata jeneza likiwa ndani. Masanja akatangaza, "Huyu amemzika mkewe kwenye ardhi yetu, basi kuanzia leo ni mtani wangu." Akachukua kofia ya Mzee iliyoning'inia barazani, akaivaa, akakalia ndoo, akaanza kuzungusha usukani wa hewa.

Mama Esperansi akaitikia kwa nyuma kwa sauti ya Mama Dora, "Baba, ng'ombe wanatupita!"

"Tarrratibu, mama! Ng'ombe hawana breki!"

Tukashika vinywa. Masanja hakuishia hapo. "Hata jeneza la mkeo ulilisindikiza taratibu mpaka tukasinzia!"

Mzee akamwangalia.

"Masanja," akasema, "waliokuwa wanaziba njia miaka yote ni ng'ombe wako."

Akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa, na wanaume wakamshika wakamkalisha mkekani. Mama Esperansi akamnawisha mikono, akamwekea ugali na samaki aina ya migebuka.

"Kula, Baba. Unamkomoa nani?"

Akamega tonge, akatafuna, akameza. "Chumvi kidogo," akasema.

"Msibani hakuna kulalamikia chumvi!"

Alikula. Watu walilala pale mpaka tulipoondoa matanga, ndipo nikawasha jiko langu upya. Habari ya ndege haikutajwa tena. Mzee alifanya kazi mpaka muda wake wa kustaafu, akiendesha taratibu vilevile.

Baada yake niliwapikia mabosi wengine. Sasa nimestaafu, nalima Kakese. Mkono wangu bado unajua riziki iko wapi kwenye mdomo wa tanuri. Kinachonisumbua ni kwamba siku zile niliendelea kupika na kupika, wakati lililotakiwa ni kuuliza.

Mara ya mwisho kumwona Mzee ilikuwa stesheni ya Mpanda, mwaka 1999, siku aliyorudi kwao. Nilimpa mkate kwa safari, bado wa moto, ndani ya kitambaa. Aliufungua hapohapo, akaugeuza, akaugonga chini kwa kidole, akasogeza sikio.

"Umeiva," akasema. Akaufunga tena, akapanda behewa.