Mjomba na Mkono wa Chuma

"Roboti lile linaniheshimu! Nikiingia kizimbani mwake, linabaki kuniamkia shikamoo tu!"

Mjomba aliyasema hayo kwenye harusi ya binti yake, kipaza sauti mkononi, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Wajinga ndio waliwao.

Alikuwa mpakizi katika kiwanda cha sabuni, akibeba katoni mgongoni. Lilipoletwa roboti, mkono wa chuma wa kuzipanga, wapakizi wenzake wakafukuzwa, yeye akabakizwa kuuangalia. Kichwa kikavimba. Akajiona mhandisi, mtu ambaye rimoti ya televisheni tu ilimshinda.

Mkono wenyewe umo ndani ya kizimba chenye geti la waya. Ukilifungua, mkono unazimika, na kuuwasha upya kunachelewesha kazi. Meneja hapendi kuchelewa. Basi mjomba akaibana swichi ya geti kwa utepe, mashine ikadhani geti limefungwa saa zote. Meneja aliuona utepe ule kila alipopita. Akampa fulana ya Mfanyakazi Bora.

"Baba watoto, ipo siku roboti hilo litakuminya," mkewe alimwambia.

"Mimi? Linanijua vizuri."

"Halina macho, litakujuaje?"

"Wewe mambo ya mashine niachie mwenyewe."

Linamjua! Hata pasi haimjui anayeishika.

Siku moja katoni ilikwama, mkono ukasimama. Bingwa wetu akaingia, geti wazi nyuma yake, akidhani umezimika. Wapi! Ulikuwa unasubiri katoni. Alipoikwamua tu, ukaendelea na kazi yake, ukambana kifua kwenye nguzo. Wafanyakazi wengine walikimbilia swichi kubwa ukutani. Walipoizima, alikwisha kata roho.

Msibani meneja alikuja na miwani ya jua, ndani ya nyumba. Akakaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akapewa chai.

"Marehemu alikiuka utaratibu, mama," akasema. "Kwa hiyo, hiyo fidia sijui."

Mjane akamtazama. "Utaratibu upi, bosi? Huo mliomvalishia fulana?"

Chai ikampalia. Akakohoa, akaaga, akasema wanasheria watawasiliana na familia. Mpaka leo hawajawasiliana hata na paka wetu.

Ila kiwandani mambo yalikwenda haraka. Wiki iliyofuata utepe ulibanduliwa, swichi kubwa ikawekewa kufuli. Sasa anayeingia kizimbani anazima umeme, anaufungia, na ufunguo anautia mfukoni mwake. Kufuli lilinunuliwa duka la ng'ambo ya barabara.

Elfu sita.