Kimiminika Kilichochinjwa Oldeani

Naikumbuka vizuri asubuhi ile ya ukungu pale zahanati ya Oldeani, mwanangu, na kila nikiikumbuka kichwa kinaniuma. Leo umeyazidisha maumivu wewe, na hiyo video ya mapovu ya gesi uliyonitumia kutoka maabara.

Tulikuwa vijana, mimi na mwenzangu Safari, kijana wa Qurus, tukibuni kichocheo cha kutoa hidrojeni kwenye kimiminika kinachoibeba. Hidrojeni ile ilizalisha umeme wa friji ya chanjo, maana ukungu ukishuka Oldeani paneli za jua zinabaki mapambo. Kimiminika kikishaachia gesi, kilitakiwa kirudi Karatu kwenye madumu, kijazwe hidrojeni upya, kisha kipandishwe tena ile barabara mbovu. Faida yake yote iko hapo.

Safari hakutaka kusikia habari za kurudisha kimiminika; alitaka gesi itoke haraka. Akaongeza platini, ile metali ya kichocheo chetu, akapandisha joto. Nilimwambia apunguze, akanicheka. Kweli gesi ilitoka kwa fujo, friji ikanguruma, watu wakapiga makofi, na Safari akajipiga picha, kama wewe. Tulipofungua mtambo, kimiminika kilikuwa cheusi kama oili chafu. Kilikuwa kimevunjikavunjika, hakishiki tena hidrojeni hata ukikibembeleza. Friji ikazima, na muuguzi akabeba chanjo za watoto kwa bodaboda hadi Karatu kabla hazijaharibika, akisonya bila kujificha.

Kiongozi wetu, Mama Naserian, Mmasai mzaliwa wa Malambo, aliliangalia dumu la kile kimiminika cheusi, kisha akatuangalia sisi.

"Kwetu tukitaka damu ya ng'ombe," alisema, "mshale wa kumtoboa mshipa wa shingo unafungwa kamba chini ya ncha, usizame. Tunakinga, tunaziba jeraha, ng'ombe anarudi malishoni. Nyie mmechinja. Kesho mtakinga nini?"

"Lakini Mama, gesi si ilitoka?"

"Na ng'ombe aliyechinjwa hatoi damu, Safari?"

Sasa na wewe unaniandikia, "Shangazi, gesi inatoka fasta." Nakuuliza kimiminika kimebakije, unanitumia mapovu mengine. Jamani, mtoto huyu.

Sikiliza basi. Kichocheo chako kipime kwa kile kinachobaki. Toa hidrojeni, jaza, toa tena, jaza tena, mpaka uchoke, na kimiminika kikiwa bado kizima ndipo uniite. Cha polepole kisichojeruhi tutakiongezea kasi baadaye. Kinachovunja kitakuacha na dumu la uchafu, na muuguzi yuko barabarani na chanjo.

Haya, rudi maabara. Mungu akuepushe na sifa za mapema, aibariki mikono yako, na akujalie subira, maana ile yangu umeimaliza.