Mlezi Niliyeahidiwa

Leo nimefungua boksi la jezi nilizowanunulia watoto wa Temeke kwa jasho langu mwenyewe, mimi mwenye stashahada niliyeishi ughaibuni. Harufu ya nailoni mpya ikanirudisha uwanjani Temeke, nilipokuwa mtoto.

Wafadhili wa timu yetu walituahidi kila mtoto angepata mlezi, mtu mzima wa kumwongoza. Siku ya kukutana nao ilipofika, wenzangu wote wakachukuliwa na walezi wao, nikabaki peke yangu kwenye benchi.

"Wako kapotelea Mikocheni kwa matajiri nini?" wakanitania wakiondoka.

"Subiri, mwanangu, anakuja," kocha alisema.

Hakuja mtu.

Nyumbani mama alikuwa ananingoja mlangoni. "Haya, mlezi wako kasemaje?"

"Kasema nitafika mbali."

Mama akaenda mbio kuwatangazia majirani, nami nikajifungia chumbani.